Masizi Huungua, Majivu Hayaungui: Kutambua Kilichoziba Kabla ya Kusafisha Chujio la Dizeli

Mada hii inahusu chujio la masizi lililo kwenye mfumo wa ekzosi wa gari la dizeli, ambalo gerejini hujulikana kwa herufi zake tatu, DPF. Hoja yangu ni moja: fundi asilifungue, asilioshe wala asilikate chujio hilo kabla hajajua limezibwa na nini, na kwa nini. Tatizo hili limetufikia pamoja na magari yaliyotumika tunayoagiza kutoka Japani na Uingereza. Gari hufika likiwa limeshatembea kilomita nyingi, na aina ya oili liliyokuwa likiwekewa hatuijui.

Ndani ya chujio mna vinjia vyembamba vya kauri. Kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, hivyo moshi hulazimika kupenya ukutani na kuyaacha masizi. Masizi ni kaboni. Joto likikaribia nyuzi 600 huungua yakaisha. Ili kulifikia joto hilo, katika magari mengi kompyuta ya injini huongeza dizeli silindani baada ya mlipuko, na kazi hiyo huhitaji mwendo usiokatika kwa takriban robo saa. Gari linaloshinda kwenye foleni za Dar es Salaam au Nairobi huzimwa kabla kazi haijaisha, kisha kazi hiyo huanza tena kesho yake, na kila mara dizeli kidogo hushuka kwenye oili. Fundi akiona oili imepanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kupungua, ameshapata ushahidi mkubwa bila kufungua hata nati moja. Majivu ni jambo jingine kabisa. Hutokana na madini yaliyomo kwenye oili, kama kalsiamu na zinki, na hakuna joto la injini linaloyaondoa.

Kwa hiyo tiba ni mbili. Masizi huweza kuunguzwa chujio likiwa garini, ama kwa safari ndefu yenye mizunguko mikubwa ya injini, ama kwa amri ya mashine ya gereji, gari likiwa mbali na majani makavu na oili ikiwa safi. Lakini masizi yakizidi kiwango alichoweka mtengenezaji, amri hiyo ni hatari: huwaka yote kwa pamoja na kuipasua kauri. Majivu hutaka chujio lishushwe, lipulizwe hewa au lisukumwe maji kwa mashine maalumu kutoka upande wa nyuma, kisha likaushwe kabisa. Na kabla ya yote hayo apimwe mhalifu mwenyewe: nozeli inayovuja, tabo inayopitisha oili, vali ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi injini) iliyokwama. Wakati mwingine ni kijibomba cha sensa ya shinikizo tu kilichopasuka. Taa ya onyo inawaka, chujio zima.

Wapo watakaosema kwamba mashine ya kuoshea magari na sabuni vinatosha, kwa kuwa gari huondoka siku hiyohiyo likivuta vizuri. Ni kweli huondoka. Lakini maji yenye nguvu yakipigwa kutoka mbele huyasukuma majivu hadi kwenye ncha zilizozibwa, yakashindiliwa huko. Wengine hulikata chujio, wakachomoa kauri na kuidanganya kompyuta, wakitaja gharama. Gharama ni hoja ya kweli, na siidharau. Chujio jipya ni mzigo mzito kwa mwenye gari. Hata hivyo kukata hakuzibi nozeli inayovuja, na masizi ambayo chujio zima hunasa zaidi ya asilimia 90 yake huenda moja kwa moja kwenye mapafu ya abiria kituoni na ya fundi mwenyewe. Shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoondolewa chujio hufeli ukaguzi wa kila mwaka.

Pingamizi la mwisho ni mafuta yetu, kwamba yana salfa nyingi mno kwa chujio. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni. Ulaya ni 10. Tofauti hiyo ipo, lakini haitoshi kuwa sababu ya kukata tamaa. Mwenye gari anaweza kuchagua oili yenye madini machache, ile iliyoandikwa ACEA C kwenye kopo. Gereji nayo inaweza kulipima chujio kwenye mizani likiwa kavu, kabla na baada ya kusafishwa, na kuandika vipimo vyote viwili vya uzito kwenye risiti pamoja na shinikizo lililosomwa na kasoro iliyotengenezwa. Mteja akirudi baada ya miezi michache taa ikiwa imewaka tena, fundi yeyote atakuwa na pa kuanzia.