Majirani na Mkataba: Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, Tukitazama Kutoka Malindi



Watalii huupiga picha mnara wa Vasco da Gama pale mwambani. Mimi kila nikipita hapo naona mkataba. Aprili 1498 Mreno alitoka Mombasa bila kupata mapokezi, na Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, ikamkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Urafiki ule ulidumu karibu miaka mia moja, na ulikuwa na faida. Mombasa ilipotekwa katika miaka ya 1590, mfalme wa Malindi alipewa kiti cha huko. Akahama, Wareno nao wakahamishia makao yao Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, na Malindi ikafifia. Mwaka 1614 mfalme Hasan, wa ukoo huohuo, aligombana na kamanda wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko kwa hila za Wareno. Huo ndio ukoo uliowafungulia Wareno mlango.

Umoja wa Ulaya wa leo si Wareno wa wakati ule, na kuwafananisha ni kukosa haki. Nauliza jambo moja tu: anayepatana na mkubwa akiwa amewapa majirani mgongo, siku mapatano yakienda kombo atasemewa na nani?

Wazee wetu waliwahi kulijibu swali hili vizuri. Tarehe 24 Septemba 1969, mjini Arusha, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa ushirikiano na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ambayo wakati huo ilikuwa na nchi sita. Zilikwenda tatu kwa jina moja. Jumuiya yetu ilivunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 30 Novemba 1999. Mwaka uliofuata, Mkataba wa Cotonou ukayapa mazungumzo ya kisiasa baina ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibea na Pasifiki kifungu chake maalumu, cha 8: pande zote zizungumze mara kwa mara, wala zisingoje mgogoro.

Humo ndimo mlimotoka majadiliano ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi. Yalikamilika Oktoba 2014, na Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini. Tanzania ilikataa, ikihofia viwanda vyake vichanga, na bila saini za wote mkataba haukuweza kuanza. Hofu ya Kenya ilikuwa ya aina nyingine. Majirani zetu wamo katika orodha ya nchi maskini zaidi, kwa hiyo wanaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Sisi hatumo. Mwishoni mwa 2014 maua yetu yalitozwa ushuru kwa miezi kadhaa, na Nairobi ikashtuka. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya waliruhusu aliye tayari atangulie. Kenya ikatia saini peke yake tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi 1 Julai 2024. Mlango umeachwa wazi kwa majirani kujiunga.

Siilaumu serikali kwa kuwalinda wakulima wa maua. Lakini maua ni ya Naivasha. Katika kaunti yetu ya Kilifi tuna maembe, minazi, korosho, mkonge wa Vipingo, na bahari.

Chukueni embe. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Ushuru haukuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa funza ndani ya tunda. Mkulima wa ngowe na boribo anahitaji mitego ya nzi, mtaalamu wa kumfikia shambani, na soko lingine zaidi ya dalali anayekuja na lori na bei yake mfukoni. Mkataba una sura ya ushirikiano wa maendeleo. Hapo ndipo Kilifi ingepaswa kubishana kwa nguvu zote.

Korosho ni ngumu zaidi. Kiwanda chetu cha Kilifi kilifungwa katika miaka ya 1990, na tangu 2009 sheria inakataza kupeleka nje korosho ghafi, ili zibanguliwe nyumbani. Mkataba nao unabana haki ya nchi kuweka ushuru mpya juu ya mali ghafi inayotoka; unaruhusiwa kwa masharti na kwa muda. Sisi wenye kiwanda kilichokufa tulihitaji kuelezwa kifungu hicho kabla ya kalamu kushikwa.

Tena tuko ndani ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya tangu 2005. Bidhaa ya Ulaya ikiingia Kenya kwa ushuru uliopunguzwa, Tanzania itataka kujua mpakani Lunga Lunga kinapita nini, na mchuuzi wetu anayekwenda Tanga ndiye atakayefunguliwa mizigo.

Kuhusishwa kwetu si hisani ya mtu. Wakulima wadogo walikwenda Mahakama Kuu 2007 kuhusu majadiliano hayahaya, na Oktoba 2013 mahakama iliiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 2 kinasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria zetu. Ni sheria, basi, inayomhusu mvuvi wa Ngomeni kama inavyomhusu wakili wa Nairobi.

Pendekezo langu ni hili. Mkataba unaruhusu kuundwa kwa vikundi vya ushauri vya wananchi. Kaunti ya Kilifi idai viti humo: cha wakulima wa maembe na korosho, cha kamati za usimamizi wa fuo, na cha akina mama wanaokaanga na kuuza samaki. Kabla ya kila kikao, vifungu vinavyowahusu visomwe barazani kwa Kiswahili na Kigiriama, Magarini, Ganze na Mtwapa, na maswali ya watu yaandikwe kama yalivyoulizwa. Nakala moja iende Nairobi. Ya pili iende Arusha, kwenye makao ya Jumuiya, majirani nao waisome.