Programu Ikiuzwa, Rekodi Inabaki kwa Nani?



Tarehe 20 Novemba 2017, Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, ilitangaza kuacha kuiendeleza SONAR, programu ya kurekodi muziki iliyoipata ilipoinunua Cakewalk mwaka 2013. Mwaka 2016 tu wateja walikuwa wameuziwa haki ya kupata matoleo mapya maisha yote. Programu haikuwa mbovu. Mwenye mali alielemewa na madeni, na Mei 2018 Gibson ikakimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Miezi michache kabla, BandLab ya Singapore ilikwisha kuinunua kazi ya Cakewalk, ikaigawa bure. Watu walishangilia, na walikuwa na haki, ila hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Si kila ununuzi huua. Apple ilipoinunua Emagic ya Ujerumani mwaka 2002, Logic ilistawi, na bei yake ikashuka sana baadaye. Lakini toleo la Windows lilikomeshwa Septemba mwaka uleule. Kwa studio yenye kompyuta ya Windows, kama zilivyo nyingi hapa Moshi, ustawi huo ulikuwa wa wengine.

Ili kuona jinsi mauzo kama hayo yanavyotugusa, tazameni kazi ya kwaya. Soprano, alto, tena, besi, kinanda: kila kimoja na treki yake. Prodyuza akihifadhi, faili la mradi mara nyingi huwa na maelekezo tu: treki hii ianzie hapa, mwangwi uwe kiasi hiki, kinanda kitoke kwenye pulagini ile. Maelekezo hayo husomwa sawasawa na programu ileile. Siku programu hiyo isipofunguka, kwaya inabaki na mp3 iliyokwisha kuchanganywa, na sauti ya mwimbaji aliyefariki haitenganishwi tena kirahisi na za wenzake.

Wapo wanaosema sisi tunatumia nakala za kukreki, hivyo mauzo hayo hayatuhusu. Yanatuhusu zaidi, maana mwenye leseni walau ana pa kulalamikia. Hata FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza kama FruityLoops mwaka 1997 na kuenea katika studio za Bongo Fleva, humwahidi mnunuzi matoleo yote yajayo bila malipo. Naiheshimu ahadi hiyo. Nguvu yake inategemea atakayeimiliki kesho.

Mji huu unalijua jambo la umiliki. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kiliundwa 1933. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Chama kiliondoka kwa amri, mibuni ikabaki kihambani, kwenye shamba la ukoo. Rekodi zetu bado hazina kihamba.

Ndiyo maana naziomba kwaya ziandike katika makubaliano na studio: kazi ikiisha, kila treki itolewe kama WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, pamoja na karatasi ya tempo na ufunguo. Faili hizo hufunguka hata kwenye Ardour, programu huria. Wimbo wa dakika 5 wenye treki 24 hula takriban gigabaiti moja, kwa hiyo albamu ya nyimbo 10 inaenea kwenye flashi ya gigabaiti 16. Nunueni mbili, moja ikae studio, nyingine kwa katibu wa kwaya.