Maji Kabla ya Baruti: Tadbiri ya Kuvirudisha Vita vya Mwele



Ada ya mhadhara kama huu ni kwamba msemaji huanza kwa shukrani ndefu, na mimi ninaomba radhi nikiziahirisha, kwa kuwa nimekuja na hoja iliyonikaa kifuani kwa muda mrefu. Mwanazuoni mwenzangu mmoja, ambaye staha yangu kwake haipungui kwa sababu ya kukhitilafiana, alipata kusema hadharani kwamba wazo la kuvirudisha vita vya Mwele, yaani kuviigiza upya katika ardhi ileile vilikopiganwa, kwa umati wa watu na kwa mavazi ya zama zile, lina ila mbili. Ya kwanza, alisema, Mwele haina vita vya kuigizwa, kwa maana ngome ilianguka kwa siku moja na mwenyewe, Sheikh Mbaruk, akaingia msituni. Ya pili, na hii ndiyo iliyoniuma, ni kwamba kupanga maonyesho ya namna hiyo, kuhesabu mapipa ya maji, magunia ya mchele, vyoo na magari, ni kazi ya makarani, wala haimpasi mwanahistoria. Akashauri kwamba kama ni lazima tucheze vita, basi tucheze vile vya Jasin, huko mpakani kusini ya Vanga, ambako majeshi mawili ya Kizungu yaliacha hesabu na ramani za kutosha.

Sitawarudisha katika nasaba ya Mazrui, wala kuondolewa kwao Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837, wala kugawanyika kwao baina ya Takaungu na Gazi, wala ule mzozo wa urithi wa Takaungu uliowasha moto wa mwaka 1895. Haya yamekwisha kuandikwa, na katika mji wa Gazi hata mtoto anayajua nusu yake. Yatosha kukumbusha kwamba Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyekwisha kupambana na masultani wa Unguja mara kadhaa kabla ya kupambana na Waingereza, aliiweka Mwele, ndani ya msitu wa bara, iwe kimbilio lake. Kwamba Admirali Harry Rawson aliondoka Mombasa tarehe 12 Agosti 1895 na mamia ya mabaharia wa manowari, pamoja na askari wa Kisudani na wa Unguja. Na kwamba ngome ilitwaliwa tarehe 17. Lloyd Mathews, jemadari wa Sultani, ambaye Mwele hakuwa mgeni nayo tangu vita vya 1882, alijeruhiwa siku hiyo.

Sasa, mwenzangu anasema siku moja. Namwuliza: siku moja ya nini? Tangu tarehe 12 hadi tarehe 17 watu wale walikuwa wakifanya nini, kama si vita? Walikuwa wakitembea, wakitafuta maji, wakifyeka njia, wakibeba, wakilala macho kwa hofu ya kuviziwa. Anayetazama milio ya bunduki peke yake ataona asubuhi moja; anayetazama miguu ya watu ataona takriban juma zima. Na baada ya ngome kuanguka, je, vita vilikwisha? Havikwisha. Mbaruk alipoteza boma lakini hakupoteza chakula wala njia, na kwa sababu hiyo aliendelea kuwasumbua Waingereza kwa miezi minane, hata wakalazimika kuleta jeshi la Kibaluchi kutoka Bara Hindi mwaka 1896. Na alipovuka mpaka mwezi wa Aprili akajisalimisha kwa Gavana Wissmann upande wa Wadachi, hakuvuka kwa kushindwa katika pambano moja, bali kwa kuwa nchi ya kumlisha yeye na wafuasi wake ilikuwa imekwisha kubanwa pande zote. Huu ndio ushindi ambao mwenzangu anauita wa siku moja.

Tuje kwenye Jasin yake. Nakubali kwamba ni vita vikubwa, na kwamba mahali penyewe pana haki ya kukumbukwa. Lakini natamani mwenzangu asome tena kilichotokea hapo tarehe 18 na 19 Januari 1915. Askari wa Kihindi wa jeshi la Waingereza waliokuwa wamezingirwa hawakusalimu amri kwa sababu ya uoga. Walisalimu kwa sababu risasi ziliwaishia. Na von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wadachi aliyeshinda, alipohesabu shehena yake alikuta ametumia kiasi cha risasi 200,000, akakata shauri kwamba vita vya namna ile hangeweza kuvimudu zaidi ya mara tatu hivi, kwa hiyo tangu siku hiyo akabadili mwendo wake wote, akageukia kuvizia reli na madaraja. Mshindi alibadilishwa na hesabu ya bohari! Hata vita alivyovichagua mwenzangu ili atuepushe na kazi ya makarani vinaturudisha papo hapo kwenye kazi ya makarani.

Naomba sasa ruhusa ya kukaa kidogo na kitu ninachokipenda. Katika nyumba ya kumbukumbu za serikali ya Uingereza, huko Kew, zimehifadhiwa daftari za merikebu za kivita, mafungu kwa mafungu, nazo ni vitabu vya kuchosha kuliko vitabu vyote duniani: upepo, hali ya hewa, saa kwa saa, nyama na maji matamu yaliyopokewa, watu walioshuka pwani na waliorudi. Wanahistoria wengi huvipita, wakikimbilia barua za mabalozi, ambazo zina hasira, hila na majina makubwa. Mimi nasema daftari ni aula kuliko barua. Balozi huandika kwa kujua kwamba London itasoma, ilhali ofisa wa zamu, akiandika upepo wa kusi na idadi ya mapipa, hana sababu ya kumdanganya mtu. Na angalieni hii nayo: serikali ile ilipotoa nishani kwa waliokwenda, vita vingine vya Afrika vilitengenezewa kibao cha kuning'inia juu ya utepe, lakini Mwele haikupata kibao, jina lake lilichongwa ukingoni mwa nishani yenyewe, mahali ambapo mtu lazima aigeuze na kuitazama kwa ubavu ndipo alisome. Sijui hoja nzuri zaidi ya kuonyesha jinsi Mwele ilivyosukumwa pembeni, nayo ipo kwenye fedha tupu. Rawson mwenyewe, mwaka uliofuata, aliipiga mizinga kasri ya Unguja, na mwaka 1897 akaiongoza safari ya Benin. Hizo ndizo watu wanazozitaja.

Ngojeni basi tupige hesabu pamoja, kwa vipimo vya zamani ambavyo wazee waliopo hapa wanavijua. Posho ya mtu wa msafara ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, ambacho ni kama ratili moja na nusu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya ratili 60. Chukua watu 1,000, kwa siku 10 za kwenda na kurudi: ni ratili 15,000. Ukigawanya kwa 60 unapata wapagazi 250, nawe unafurahi. Lakini wapagazi nao wanakula. Kila mmoja anakula ratili 15 katika siku zile 10, yaani robo ya mzigo aliojitwika, kwa hiyo anachowafikishia wenziwe ni ratili 45 tu, na wapagazi wanaotakiwa si 250 bali zaidi ya 330. Mabaharia walikula biskuti na nyama ya makopo badala ya mtama, lakini uzani haujali dini ya chakula. Na bado hatujagusa baruti, mizinga midogo, machela, wala chupa moja ya dawa.

Kisha maji. Galoni moja ina uzani wa ratili 10. Ukimpa kila mtu galoni moja kwa siku, jambo ambalo katika jua la Kwale si anasa, watu 1,000 wanataka ratili 10,000 kila siku, yaani wapagazi 167 kwa maji ya siku moja tu. Natija yake ni wazi: maji ya msafara hayabebwi, yanafuatwa. Kwa hiyo njia aliyopita Rawson haikuwa mstari aliouchora yeye. Ilikuwa mstari wa visima na madimbwi, na aliyevijua visima hivyo hakuwa Rawson wala Mathews, bali ni Mdigo na Mduruma, ambao baadhi yao waliongoza na wengine, naamini, waliongoza kwa kuzungusha. Nani kati yetu angeuona ukweli huu katika barua ya balozi? Unaonekana pale mtu anapokaa kupanga maonyesho na kuuliza: watu hawa watakunywa wapi?

Nilipokuwa mwalimu kijana, skuli moja ya upande huu, ambayo sitaitaja, iliamua kuucheza mkasa wa Mbaruk siku ya wazazi. Bunduki za miti zilichongwa vizuri ajabu. Kofia za mabaharia zilishonwa kwa khanga nyeupe. Mtoto aliyekuwa Mbaruk alikariri maneno yake kwa wiki nyingi. Kamati ilikuwa imekaa vikao kuhusu rangi ya bendera, na hakuna aliyeteuliwa kushughulikia mtungi. Kufika saa sita, kabla ya shambulio, Waingereza wawili walikuwa wamezirai chini ya mwembe, Msudani mmoja alikuwa akitapika, na mpishi wa ubwabwa alikuwa ameitwa arusini Kinondo akaenda na sufuria. Mbaruk alishinda siku ile. Hakuna mgeni rasmi aliyethubutu kusahihisha historia.

Waliojipanga vizuri wapo. Watu wa Waterloo, huko Ubelgiji, mwaka 2015, walipotimiza miaka 200 tangu vita vya huko, walikusanya waigizaji takriban 5,000, na farasi wapatao 300, na mizinga kadiri ya 100. Na anayedhani farasi 300 ni mapambo na awaulize waliowaletea majani na maji. Karibu nasi zaidi, kule Makunduchi, Unguja, sikukuu ya Mwaka Kogwa huwa na pambano la mabua ya migomba kila mwaka, nalo halihitaji bohari kwa sababu kila nyumba inajua wajibu wake na mgeni halali njaa. Sisi hatuna farasi wa Waterloo wala ada ya Makunduchi, kwa hiyo tutahitaji tadbiri.

Tadbiri yenyewe nitaipitia upesi. Wakati ni Agosti, ambayo ndiyo tarehe ya haki, masika yakiwa yamepita na vuli bado. Silaha ziwe za miti, kwa kuwa sheria ya silaha ya Kenya haina mzaha, na gobori halisi mikononi mwa vijana 500 ni maafa yanayosubiri saa. Idhini za wazee wa kaya zitangulie idhini za ofisi, na kuni zisikatwe katika msitu mtakatifu wa kaya yoyote. Mahali penye tembo wa Shimba, walinzi wa wanyamapori wawepo tangu siku ya kupima njia. Watu wa Mombasa wasitegemee feri ya Likoni asubuhi ya siku yenyewe. Hospitali ya Msambweni ijue idadi yetu mapema. Na kwa kila lori la watazamaji kuwe na lori la maji, hilo sitalijadili.

Kuna pingamizi moja ambalo mwenzangu hakulitaja na ambalo nalistahi kuliko yote mawili aliyoyataja. Mbaruk alikuwa bwana wa watumwa, na wapo Wadigo na Waduruma ambao babu zao waliteseka mikononi mwa watu wake. Je, tumfanye shujaa jukwaani? Nimelipima hili kwa insafu, na sioni kwamba jawabu ni kunyamaza. Jawabu ni kwamba atakayeigiza boma aigize boma zima: waliokuwa wakipika humo bila ujira, wakichota maji bila hiari, wakilima mahindi yaliyowalisha wapiganaji. Hapa napo, tazameni, tumerudi kwenye chakula na maji. Mtumwa wa Mwele haonekani katika hadithi ya mashujaa, lakini katika hesabu ya posho hafichiki, kwa maana lazima mtu fulani alitwanga.

Kwa hiyo sina haja ya pesa wala ya bunduki kwanza. Nina haja ya visima. Wazee mlioketi hapa, na nyinyi ambao mama zenu walichota maji katika njia za Kinango, Lunga Lunga na bara ya Gazi kabla ya bomba kufika: nitakaa kwenye meza ile iliyo karibu na mlango baada ya mhadhara, na daftari tupu na wanafunzi wawili. Njooni mtutajie kila kisima mnachokikumbuka, jina lake, na kama kilikauka mwezi wa Agosti.