Nyumba Iliyofagiwa Ikaachwa Tupu



Bwana wetu alisimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, akatangatanga, kisha akairudia nyumba yake ya kwanza. Aliikuta imefagiwa na kupambwa, lakini haina mwenyeji. Akaingia na wenzake saba, na hali ya mtu yule ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Mfano huu watufaa tunapokumbuka miaka ya korona. Tarehe 27 Machi 2020, Serikali ya Afrika Kusini ilipowaamuru watu wakae majumbani, ilipiga marufuku pia uuzaji wa pombe na sigara. Nyumba ikafagiwa kwa siku moja. Faida ilionekana: majeruhi walipungua hospitalini. Pombe iliporuhusiwa tarehe 1 Juni, majeruhi wakaongezeka. Tarehe 12 Julai ikazuiwa tena. Lakini wako walionunua mananasi wakatengeneza pombe jikoni. Nayo sigara ilizuiwa hadi katikati ya Agosti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliwahoji wavutaji, wakakuta kwamba walio wengi waliendelea kuinunua kwa magendo, kwa bei ya kupindukia. Walioacha walikuwa wachache.

Hapa kwetu Kenya, baa zilifungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Chupa ikahamia sebuleni. Baa ilikuwa na saa ya kufunga mlango, sebule haina. Shule nazo zilikuwa zimefungwa, na watoto wakayaona yale ambayo zamani yalifichwa na giza la usiku. Baa zilipofunguliwa, katika baadhi ya nyumba chupa haikurudi ilikotoka.

Wapendwa, sheria yaweza kukiondoa kileo mkononi. Hofu, kazi iliyopotea, msiba uliozikwa na watu kumi na watano tu: hayo hubaki moyoni, nayo hudai kutulizwa kila jioni. Basi wewe unayetaka kuacha, usiishie kuitupa pakiti ya sigara. Jiulize saa ile ya jioni utaijaza kwa nini: sala pamoja na watoto, ziara kwa jirani, au kikao cha wenzako wanaopigana vita hiyohiyo. Na ikiwa umekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, mwone daktari kwanza, maana kuacha ghafla kwaweza kuhatarisha maisha.

Nanyi mke, mume, wazazi, msitosheke na kuificha chupa. Keteni na mgonjwa wenu. Mwulizeni ni nini kilichomwelemea tangu miaka ile, na mkae kimya hadi ajibu. Huenda tangu siku ya mazishi hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mwenyezi Mungu aingie na kukaa katika nyumba zetu.