Masomo ya mazingira: tuyaache, au tuyatengeneze?
Maneno ya komite katika mkutano mkuu wa wanachama, Baraka

 

Mnakumbuka mkutano uliopita tuliumaliza na fujo kidogo. Tulikuwa tunasoma barua za vijana wanaoomba sanduku letu liwasaidie minervali ya universite. Wawili waliandika kwamba wanataka kusoma mazingira. Mzee mmoja akasimama akauliza: "Mtoto aliyekulia kambini, atakula mazingira?" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Sisi wa komite tukaomba swali lile lisijibiwe kwa haraka. Leo tunaleta jibu, na mwisho mtapiga kura.

Kwanza tukubali kwamba mzee hakuuliza bure. Tuna kijana wetu hapa hapa aliyesoma mazingira miaka mitano, katika chuo ambacho hatutakitaja. Kwa miaka yote ile hawakumpeleka hata mara moja kupima maji ya mto. Kozi zilikuwa fotokopi za fotokopi. Maabara ilikuwa mlango wenye kufuli. Alipomaliza alizunguka na diploma kwenye miradi, kila mahali wakamuuliza: umefanya kazi wapi mbele? Leo anauza unite za simu pembeni ya soko. Aibu si yake. Wazazi waliuza mbuzi na shamba kwa karatasi ile, kwa hiyo hasira yao ni ya haki.

Lakini hasira isitufanye tusahau mahali tulipotoka. Nani kati yetu aliyekaa Nyarugusu hajui kuni? Kambi ilifunguliwa 1996, na mwaka kwa mwaka miti ilikuwa inaenda mbali. Wamama walikuwa wanatoka alfajiri, wanatembea saa nyingi, wengine wanakutana na mabaya porini, wanarudi na mzigo wa kupika siku mbili. Ile ilikuwa kozi yetu ya kwanza ya mazingira, na tuliilipa kwa miili ya wamama zetu.

Tangu 2005 tukaanza kuvuka ziwa, kutoka Kigoma mpaka Baraka, tukisema tumefika nyumbani, shida imekwisha. Kumbe nyumbani nako kuna masomo. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira usiku, makumi ya watu wakafa, maelfu ya nyumba zikaenda. Kisha ziwa lenyewe likapanda, likaingia katika nyumba za watu waliokuwa wamejenga karibu na mchanga. Wengine kati ya hao ni wanachama wetu. Walikimbia vita, wakarudi, wakakimbia maji.

Tujiulize, juu ya nini? Mvua ilikuwa nyingi, ndiyo. Lakini milima ya juu imevuliwa nguo. Mti ukiondoka, udongo hauna kitu cha kuushika, unashuka na maji, unajaza mto, na mto ukikosa njia unaingia nyumbani kwa mtu. Miti ile imekatwa na nani? Sisi pia tumo. Tunachoma makala, tunanunua makala, tunalima mteremko bila kuacha hata mstari wa majani. Na viwanja pembeni ya maji tulinunua sisi wenyewe juu ya bei yake nafuu, na hatukukuta mtu wa kutuambia ziwa liliwahi kufika wapi zamani. Tungekuwa na kijana mmoja anayejua kusoma vipimo vya ziwa, angetuambia: msijenge hapa. Ndiyo maana tunasema swali la kweli si kama mtoto atakula mazingira. Mazingira yameshaanza kutula sisi.

Sasa tuangalie masomo yenyewe. Inchi yetu haikukosa mahali pa kujifunza. Yangambi, karibu na Kisangani, ilikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo tangu wakati wa ukoloni. Lwiro, karibu na Bukavu, ina kituo cha sayansi za asili. Hapo Uvira kuna kituo kinachochunguza maji na samaki wa ziwa. Kinshasa kuna ile shule ya ERAIFT, iliyofunguliwa 1999 kwa msaada wa UNESCO, inayofundisha watu wa inchi mbalimbali za Afrika namna ya kutunza misitu. Nyumba zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni feza ya kuwapeleka wanafunzi nje, na vyombo.

Tena mfumo umebadilika. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 universite zetu zimeingia katika LMD: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya master, kisha dokta. Badiliko hili linaweza kuwa jina jipya tu juu ya kozi za zamani. Linaweza pia kuwa nafasi, maana kozi zinaandikwa upya. Wakati wa kuandika upya ndio wakati wa kusema.

Sisi tungesema mambo matatu.

La kwanza: masomo haya yatoke darasani. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu metre 1,470, linagawanywa na inchi nne, na maji yake yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Mwanafunzi anayesoma mazingira Kivu ya Kusini bila kuingia mtumbwini na wavuvi wa ndagala, huyo amesoma nini?

La pili: yasikae peke yake. Mtu wa mazingira ajue pia kilimo, afya na sheria. Kule kwenye dhahabu wachimbaji wanatumia zebaki, na zebaki ikiingia mtoni inaingia katika samaki, kisha katika mtoto tumboni. Jambo hilo huwezi kulikata vipande ukampa kila porofesa kipande chake.

La tatu: yarudi kwa lugha ya watu. Sheria ya mazingira ya 2011 inadai uchunguzi ufanywe kabla ya mradi mkubwa kuanza, na wananchi wasikilizwe. Uchunguzi ule unakuja katika kitabu kinene cha Kifaransa. Shefu wa kijiji anapewa kalamu atie sahihi. Tumeona Itombwe: hifadhi ilitangazwa 2006, na wenyeji ilibidi wajadiliane miaka mingi baadaye juu ya mipaka. Mtoto wetu anayeweza kusoma kitabu kile, akakaa barazani akaeleza kwa Kiswahili na Kibembe, "hapa wanasema hivi, hapa wamewaficha hili", huyo ana kazi hata kabla Leta haijamwajiri.

Hatuwadanganyi. Kazi za mishahara bado ni chache, na nyingi zinakufa pamoja na mradi. Kijana anayeingia ajue hivyo. Basi tunapendekeza hivi: sanduku liwasaidie wale wawili, lakini kwa masharti. Kila likizo wafanye mazoezi hapa kwetu: kupima mito, kuanzisha vitalu vya miti, kuandika mahali maji yalipofika. Kazi yao ya mwisho iwe juu ya Fizi au Uvira. Wakishaitetea mbele ya maporofesa, waje waitetee mbele yetu, kwa Kiswahili, na waache nakala moja kwa komite. Yule atakayekataa masharti, tutamtakia heri na feza itaenda kwa mwingine.

Na yule kijana wetu wa unite za simu, tumeongea naye. Amekubali kuwafundisha watoto wa sekondari kila Jumamosi, na kusimamia vitalu vya kwanza. Tutampa kidogo, kile tunachoweza. Hatukutaka kujadili maisha yake bila kumwomba ruhusa. Yuko pale nyuma, msalimieni.

Mzee aliyeuliza swali lile tunamshukuru pia. Bila yeye tungetoa feza kama kawaida, bila kufikiri.

Sasa wenye kukubali wanyooshe mkono. Wenye kukataa pia waseme sababu yao, iandikwe katika daftari.