Ubora Huanzia Mtini: Dawa za Kuchelewesha Kuiva na Haki ya Mlaji wa Mukuru

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Dawa ya kuchelewesha kuiva hulinda ubora ambao tunda limeshaupata mtini, lakini haiwezi kulipatia ubora ambao halikuupata. Anayetaka mlaji wa mtaa wa Mukuru, Nairobi, apate tunda zuri hana budi kuanzia siku ya kuchuma.

Kuiva kwa peasi, parachichi, embe na ndizi huongozwa na gesi ya ethilini, ambayo tunda hujitengenezea lenyewe. Katika miaka ya 1990, Edward Sisler na Sylvia Blankenship wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, waligundua kwamba kemikali iitwayo 1-methilisaiklopropeni huziba mahali ambapo seli za tunda hupokea gesi hiyo. Sasa wakulima wa peasi wa nchi za baridi huweza kuinyunyiza shambani siku chache kabla ya mavuno, kisha matunda yakahifadhiwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Katika baridi hiyo hubaki magumu na ya kijani kwa muda mrefu, na ganda halibabuki upesi. Lakini faida hiyo ina bei yake: dawa ikizidi nguvu, peasi hutoka kwenye baridi likakataa kulainika, na mnunuzi akabaki na tunda lenye sura njema lisiloliwa. Na lililochumwa changa hubaki changa, liwe limenyunyiziwa au la.

Kwetu Kenya, tunda linalotufundisha jambo hili ni parachichi. Halilainiki likiwa mtini, kwa hiyo kulibonyeza hakumwambii mchumaji kama limekomaa. Kipimo cha kuaminika ni kiasi cha nyama kavu: gramu 10 za nyama ya tunda hukunwa na kukaushwa kwenye oveni hadi uzito uache kupungua. Zikibaki gramu 2.4, tunda lina asilimia 24, kiwango kinachotumika kwa parachichi la Hass la kuuzwa nje. Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikisimamisha uvunaji wa kuuza nje miezi ambayo matunda mengi hayajakomaa. Parachichi changa hunyauka, likawa kama mpira na la majimaji. Mama mboga aweza kulifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu ili ethilini ya ndizi ilisukume kuiva, lakini mafuta ambayo hayakuumbwa mtini hayataumbwa ndani ya gazeti.

Mtu atasema kwamba vibandani Mukuru hakuna vyumba vya baridi, hivyo dawa inayofanya kazi hata pasipo baridi ndiyo tunayoihitaji. Kweli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wameonyesha kwamba kemikali hii huchelewesha kuiva kwa maembe, na si sawa kuifananisha na kabaidi inayotumiwa kuivisha matunda, ambayo huweza kuwa na mabaki ya aseniki. Lakini tujiulize muda huo wa ziada unamfaa nani. Msafirishaji anayepeleka kontena Ulaya kwa meli anauhitaji sana. Muuzaji anayenunua soko la Marikiti alfajiri, auze jioni hiyo hiyo au kesho yake, anahitaji tunda litakaloiva vizuri na kwa wakati.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mkulima huchuma mapema kwa sababu anahofia wezi, anahitaji karo, na dalali yuko mlangoni na pesa taslimu. Amri pekee haitamzuia. Ndiyo maana kipimo cha ukomavu kiandamane na bei: tunda lililokomaa lilipwe zaidi, na vyama vya wakulima viwe na mizani na oveni ya kupimia. Vifaa hivyo ni nafuu kuliko chumba cha baridi.

Mukuru ilipotangazwa eneo maalum la kupangwa mwaka 2017, serikali ya kaunti ilikubali kwamba wakazi wake wanastahili mipango kama wananchi wengine. Chakula ni sehemu ya stahiki hiyo. Tukiwa na kipimo cha kumlinda mlaji wa Ulaya, hatuna sababu ya kumnyima kipimo hicho hicho mlaji anayenunua parachichi moja kibandani. Masoko yetu yaanze kulipima.