Ngozi ya Mzee



Nitasema maneno machache juu ya siha ya wazee wetu. Nimechagua jambo lionekanalo dogo, nalo ni ngozi.

Miaka mingi iliyopita marehemu babu yangu alijikwaa akitoka kutawadha, akachubuka kidole cha mguu. Kidonda chenyewe hakikuzidi punje ya mtama. Yeye hakutaka kutusumbua, nasi hatukumtazama. Siku ya nne homa ikamshika, na mguu ukavimba hadi gotini. Alipona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, lakini alilazwa majuma matatu. Nikajiuliza: kijana huchubuka mara kumi asidhurike, kwa nini mzee ashindwe na mchubuko mmoja?

Jawabu limo katika ngozi yenyewe. Ngozi ni ngome ya mwili. Tabaka lake la juu ni chembe zilizokufa, zimeshikamanishwa kwa mafuta kama matofali kwa udongo. Upo pia uchachu kidogo ambao vijidudu vingi haviupendi. Chini yake zimo chembe za ulinzi, zimtambuazo adui na kuziita nyingine. Umri ukisonga, mafuta hupungua, ngozi ikakauka na kupasuka, uchachu hupungua, walinzi huwa wachache, na chembe mpya, ambazo kwa kijana hufika juu kwa kiasi cha siku 28, kwa mzee hukawia. Ndiyo maana hata kidonda hukawia kufunga.

Tena mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akiwamo Richard Gallo, walionyesha kwa panya kwamba chembe za mafuta zilizo ndani ya ngozi hutoa kitu kiuacho vijidudu. Mwaka 2018 wakabainisha kwamba umri uendeleapo, ngozi hupoteza uwezo wa kufanya chembe hizo.

Basi tufanyeje? Uzee hauna dawa, lakini uangalizi upo.

Kwanza, miguu ya mzee itazamwe kila siku, hasa mwenye kisukari, kwani aweza kuumia asihisi. Pili, baada ya udhu apanguswe vizuri baina ya vidole. Unyevu ukikaa hapo huleta fangasi, na ngozi ikipasuka vijidudu hupata mlango. Tatu, aepushwe na sabuni kali na maji ya moto sana, na baada ya kuoga apakwe mafuta mwilini, ila si baina ya vidole. Nne, mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni, kisha ufunikwe. Wekundu ukienea, au pakiwa na uvimbe, usaha au homa, apelekwe hospitali siku ile ile. Na mwenye bendeji asiifungue kwa hofu ya udhu: sheria imeruhusu kupangusa juu yake, na masheikh wetu wapo wa kumweleza.

Wazee wetu, msione haya kutuonyesha miguu yenu. Nasi vijana tusingoje kuambiwa. Mikono hiyo ndiyo iliyotuosha tulipokuwa wachanga.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na mwisho mwema.